Dogo si dogo: Hamamu ya mbao inayolisha mji tangu 1894

Na Mwandishi Wetu

SAA kumi na mbili kamili asubuhi ngoma hupigwa juu ya paa la hamamu ya Dogo, katika mji wa Matsuyama nchini Japani. Hupigwa mara sita, maana wenyeji huihesabu saa hiyo kuwa ni saa sita, na papo hapo milango hufunguliwa. Wateja wa kwanza, wengi wao wazee wa mtaani wenye taulo mkononi, huwa wamekwishapanga foleni. Kila mmoja hulipa yen 700, huvua viatu vyake na kuingia. Biashara ya siku imeanza, nayo itaendelea hadi saa tano usiku.

Hiyo ndiyo Dogo Onsen Honkan, nyumba ya kuogea ya maji moto ya asili iliyojengwa mwaka 1894. Msomaji wa ukurasa huu, aliyezoea kukuta hapa bei za mazao, hisa na fedha za kigeni, anaweza kuuliza bafu la Japani linamhusu nini. Jibu ni kwamba Dogo ni soko kama masoko mengine. Bidhaa yake ni maji moto, mtaji wake ni jengo la mbao, na hesabu zake zimekuwa wazi kwa zaidi ya miaka 130. Ni biashara chache za umri huo ambazo bado zinauza bidhaa ileile, mahali palepale, kwa mteja yuleyule wa kawaida.

Kwa Mswahili jina lenyewe linachekesha, kwa kuwa Dogo si dogo hata kidogo. Jengo lina orofa tatu, mapaa yaliyopandana kama ya ngome ya kale, na kileleni kijumba chenye vioo vyekundu ambamo ngoma hiyo hupigwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Mwaka 1996 serikali ya Japani iliiweka sauti ya ngoma hiyo katika orodha ya sauti 100 za nchi zinazostahili kuhifadhiwa.

MAJI YALIKUWAPO, MTAJI HAUKUWAPO

Matsuyama ndio mji mkuu wa mkoa wa Ehime, katika kisiwa cha Shikoku, kilicho kidogo kuliko vyote miongoni mwa visiwa vikuu vinne vya Japani. Maji moto ya Dogo yanatajwa katika maandishi ya kale kabisa ya nchi hiyo. Mapokeo yanasema Mwanamfalme Shotoku alifika kuoga mwaka 596. Hadithi za wenyeji zinakwenda nyuma zaidi, zikieleza kuwa korongo mweupe aliyeumia mguu alionekana akiutumbukiza kwenye maji hayo kila siku hadi akapona. Sanamu ya ndege huyo ndiyo iliyosimama juu ya paa la hamamu.

Hata hivyo, maji ya kale si biashara. Dogo ilipofika mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na majengo ya kuogea yaliyochakaa, na kila mji wenye chemchemi ulikuwa ukishindania wasafiri walewale. Japani ina vyanzo vya maji moto zaidi ya 25,000 na vituo vya kuogea karibu 3,000. Katika soko lenye wauzaji wengi kiasi hicho, muuza maji asiye na kitu cha kumtofautisha na wenzake hubaki kupunguza bei tu.

Mwaka 1890 mji mdogo wa Dogo, ambao wakati huo ulikuwa haujaunganishwa na Matsuyama, ulimpata meya wake wa kwanza, Isaniwa Yukiya. Alikuwa mzee wa miaka 60 na ushei, aliyezaliwa 1828. Wazo lake lilikuwa moja: kuibomoa hamamu kuukuu na kujenga nyingine ambayo mji mwingine hautaweza kuiiga hata baada ya miaka 100.

DAU LA YEN 135,000

Gharama inayotajwa katika historia ya jengo hilo ni yen 135,000. Ili msomaji aipime vizuri, achukue mshahara wa mwalimu mmoja wa wakati ule. Mwaka 1895 kijana aliyeitwa Natsume Soseki aliajiriwa katika shule ya sekondari ya Matsuyama kwa yen 80 kwa mwezi, na huo ulihesabika kuwa mshahara mnono. Kwa mshahara huo ingemchukua mwalimu zaidi ya miaka 140 kulipia hamamu moja, bila kula wala kuvaa.

Si ajabu basi kwamba wananchi walikuja juu. Kwa wakulima na wachuuzi wa Dogo mradi huo ulikuwa wazimu, fedha za mji mzima kuzamishwa katika bafu. Meya alipingwa na hata kutishiwa. Yeye aliamua kutochukua mshahara wake, ili uingie katika ujenzi. Hoja yake kwa wapinzani ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya kisiasa: watu wakija kwa wingi mji utaneemeka, na mji ukineemeka hata mkulima na fundi atapata riziki nzuri zaidi.

Kazi ya kujenga ilikabidhiwa kwa Sakamoto Matahachiro, fundi seremala wa ukoo uliozoea kujenga ngome. Ndiyo maana mgeni akiitazama Dogo kwa mara ya kwanza hufikiri ameona ngome iliyosahau kuweka mizinga. Mwaka 1899 iliongezwa sehemu maalumu iitwayo Yushinden, kwa ajili ya familia ya Kaisari, na mwaka 1924 ukaongezwa mlango mkuu unaotumika leo. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Jengo hili liliundwa kipande kwa kipande, kila nyongeza ikiongeza daraja jipya la mteja.

RELI, KITABU NA MTEJA WA MBALI

Meya hakuishia kwenye jengo. Alifahamu kwamba duka zuri lisilo na njia ya kufika halina wateja. Alikuwa miongoni mwa waliopigania reli nyembamba iliyofunguliwa mwaka 1895, mwaka mmoja tu baada ya hamamu, ikiwaleta abiria kutoka mjini Matsuyama. Mwaka 1900 reli hiyo iliunganishwa na kampuni ya reli ya Iyo, ambayo tramu zake zinafika Dogo hadi leo.

Tangazo kubwa kuliko yote lilikuja bila kulipiwa. Yule mwalimu Soseki alikaa Matsuyama mwaka mmoja tu, lakini mwaka 1906 alitoa riwaya yake Botchan, kuhusu mwalimu kijana mwenye hasira za haraka aliyepelekwa katika mji wa mbali. Kijana huyo huudharau karibu kila kitu cha mji ule, isipokuwa maji yake moto. Kitabu hicho kikawa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa zaidi Japani, na picha ya Soseki iliwekwa kwenye noti ya yen 1,000 iliyotolewa kuanzia 1984. Kwa hiyo Wajapani walikuwa wakimbeba mfukoni mteja mashuhuri wa Dogo kila walipokwenda dukani.

Mji haukulala juu ya bahati hiyo. Kuna chumba cha Botchan katika orofa ya juu ya hamamu, kuna treni ya Botchan iliyoundwa kwa mfano wa ile ya zamani na kuanza safari mwaka 2001, na kuna vidonge vitamu vya Botchan vya rangi tatu vilivyotungwa kwenye kijiti mithili ya mshikaki. Hata ndani ya bafu kuna kibao kinachomkataza Botchan kuogelea, kwani katika riwaya kijana huyo aliogelea ndani ya bafu na kuwekewa tangazo la kumzuia. Filamu ya katuni Spirited Away ya mwaka 2001 nayo iliongeza kizazi kipya cha wageni, kwani Dogo hutajwa mara nyingi miongoni mwa majengo yaliyochangia sura ya hamamu iliyomo ndani yake.

NGAZI ZA BEI

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kutega sikio. Hamamu ya Dogo haina bei moja. Tangu ilipofunguliwa upya kikamilifu tarehe 11 Julai 2024, viwango kwa mtu mzima ni kama ifuatavyo:

Kuoga tu katika bafu kubwa, Kami no Yu: yen 700.
Kuoga Kami no Yu na kupumzika katika ukumbi wa orofa ya kati: yen 1,300.
Kuoga katika bafu dogo zaidi, Tama no Yu, pamoja na ukumbi wake: yen 2,000.
Kuoga Tama no Yu na kupewa chumba cha faragha katika orofa ya juu: yen 2,500.

Maji yanatoka katika vyanzo vilevile. Anayelipa 2,500 hapati maji yenye moto zaidi kuliko anayelipa 700. Anachonunua ni nafasi, muda, joho jepesi la pamba liitwalo yukata, kikombe cha chai na kitu kitamu cha kusindikizia, pamoja na upepo wa dirishani baada ya kutoka majini. Kwa mwenye hamamu gharama ya nyongeza hiyo ni ndogo ukilinganisha na tofauti ya bei. Wakati huohuo mzee wa mtaani hafukuzwi, kwa kuwa mlango wa bei ya chini umeachwa wazi.

Mpango huu si wa jana. Katika riwaya ya mwaka 1906 shujaa wetu tayari analipa sen 8 kwa daraja la juu na kuazimwa yukata. Ngazi za bei zimedumu kuliko fedha yenyewe, kwani sen haitumiki tena madukani.

Kwa mgeni mwenye dola, mwaka 2024 ulikuwa wa neema. Mapema Julai mwaka huo dola moja ilifika karibu yen 161, kiwango kibaya kabisa kwa yen tangu 1986. Tiketi ya yen 700 ilikuwa sawa na dola 4 na senti 35 hivi. Udhaifu huo wa yen ulisaidia kuleta Japani wageni takriban milioni 36.9 katika mwaka 2024, rekodi iliyoipita ile ya milioni 31.9 ya mwaka 2019.

JINSI YA KUINGIA MAJINI

Kutoka kituo cha reli cha Matsuyama hadi Dogo ni mwendo wa tramu usiofikia nusu saa. Mgeni hushuka kwenye kituo kidogo chenye sura ya kizamani, hupita katika mtaa wa maduka uliofunikwa kwa paa, na mwisho wa mtaa hukutana uso kwa uso na hamamu.

Wanaume na wanawake huoga mbali mbali. Nguo zote huvuliwa. Hakuna kaptula wala vazi la kuogelea, na aibu ya mgeni huisha haraka akiona hakuna anayemtazama. Kabla ya kuingia majini ni lazima kukaa, kujisugua kwa sabuni na kujisuuza hadi povu liishe. Bafu lenyewe si la kuondolea uchafu, ni la kukaa. Taulo ndogo haitumbukizwi ndani. Wengi huikunja na kuiweka kichwani. Asiye na taulo hukodi pale pale.

Bafu la Kami no Yu limejengwa kwa mawe, na ukutani mna vigae vilivyochorwa kwa rangi ya buluu, kazi ya wafinyanzi wa Tobe walio jirani. Maji hutoka kwenye mtungi mkubwa wa jiwe. Kina chake humfanya mtu mzima aketi maji yakimfika shingoni. Ni maji laini yenye asili ya magadi kidogo, yanayoacha ngozi ikiteleza. Joto lake ni kama nyuzi 42, ambalo kwa mtu wa pwani aliyezoea kuoga maji baridi ni la kuvumilia, si la kuchezea. Dakika 5 au 10 zinatosha kwa mara ya kwanza, kisha mtu hutoka, hupoa na kurudi.

Joto hilo halipatikani kwa kuni wala umeme. Dogo huchota maji katika visima 18, vingine vikiwa na nyuzi 20 tu na vingine vikifikia 55. Mafundi huyachanganya hadi yapatikane ya kufaa, bila kuyachemsha na bila kuongeza maji ya kawaida. Mfanyabiashara wa chai au kahawa ataielewa kazi hiyo mara moja. Ni kuchanganya madaraja ili mteja apate ladha ileile kila siku.

UKARABATI BILA KUFUNGA DUKA

Mwaka 1994, hamamu ilipotimiza miaka 100, serikali ililitangaza jengo kuwa mali muhimu ya utamaduni wa taifa, la kwanza la aina yake miongoni mwa hamamu za umma. Heshima hiyo ilikuja na mzigo. Jengo la mbao lenye mvuke kila siku huoza, na Japani ni nchi ya matetemeko. Ilibidi likarabatiwe na kuimarishwa.

Wenye nyumba za wageni walikuwa na sababu ya kuhofu. Hamamu ikifungwa miaka mitano, nani atakuja kulala Dogo? Mji wa Matsuyama, ambao ndio mwenye mali hiyo tangu Dogo ilipounganishwa nao mwaka 1944, ulichukua hatua mbili. Kwanza, mwaka 2017 ulifungua hamamu nyingine mpya jirani, Asuka no Yu, ili kuwe na pa kumpeleka mteja. Pili, kazi ilipoanza Januari 2019 iligawanywa kwa zamu, upande mmoja ukitengenezwa huku upande mwingine ukiendelea kuuza tiketi. Turubai la kufunikia jengo nalo likageuzwa kivutio, kwani lilichorwa picha kubwa zenye rangi kali, na watu wakasafiri kuja kulipiga picha hilo turubai.

Katikati ya kazi hiyo ikaja korona. Wageni wa kigeni nchini Japani walishuka hadi karibu milioni 4.1 mwaka 2020, na chini ya laki tatu mwaka 2021. Kwa bahati, pigo hilo liliangukia miaka ambayo nusu ya jengo ilikuwa imefungwa kwa vyovyote vile. Milango yote ilipofunguliwa Julai 2024 soko lilikuwa limerudi.

NANI HASA ANAPATA FAIDA?

Mwekezaji mdogo akiuliza atanunua wapi hisa za hamamu hii, jibu ni kwamba hazipo. Jengo ni la mji. Faida kubwa haipatikani kwenye dirisha la tiketi bali nje yake: nyumba za wageni, migahawa, tramu, na maduka ya ule mtaa uliofunikwa, yanayouza taulo za Imabari, vyombo vya udongo vya Tobe na maji ya machungwa ya Ehime, vyote bidhaa za mkoa huohuo. Isaniwa alijenga sumaku. Walionunua viwanja karibu na sumaku ndio waliotajirika.

Sheria nayo ina nafasi yake. Sheria ya chemchemi ya mwaka 1948 inataja maji yapi yanastahili jina la onsen, kwa kigezo cha nyuzi 25 au zaidi kwenye chanzo au kuwamo kwa madini yaliyoorodheshwa. Asiye na kibali cha gavana wa mkoa haruhusiwi kuchimba. Aidha manispaa zinaweza kumtoza mwogaji kodi maalumu, ambayo kiwango chake cha kawaida ni yen 150 kwa siku, na fedha hizo zimetengewa kazi kama kulinda vyanzo, zimamoto na kukuza utalii. Muuzaji maji hapo Japani anajua kodi yake inarudi kwenye maji.

Hatari hazikosekani. Matetemeko makubwa ya 1707, 1854 na 1946 yalisababisha maji ya Dogo kukatika kwa muda. Mji mzima ulisimama ukisubiri ardhi iamue. Yeyote anayeweka mtaji wake wote mahali penye bidhaa moja akumbuke siku hizo.

HUKU KWETU

Zanzibar ilikuwa na hamamu yake ya umma, ile ya Hamamni, iliyojengwa kwa amri ya Sultani Barghash aliyetawala 1870 hadi 1888. Ni karibu umri mmoja na Dogo. Lakini maji yake yalilazimika kuletwa kwa mfereji na kupashwa moto kwa kuni, na kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imekwishaacha kazi. Leo mgeni hulipa kiingilio kutazama mabirika makavu.

Maji moto ya bure tunayo. Bogoria nchini Kenya yanachemka na kuruka juu. Olkaria, ambako mitambo ya kwanza ya umeme wa mvuke ya mwaka 1981 ilitoka Japani, kampuni ya KenGen ilifungua bwawa la kuogea mwaka 2013 kwa kutumia maji yatokayo visimani. Mbegu ipo. Kinachokosekana katika sehemu nyingi ni vile vitu vinne vya Isaniwa: jengo la kudumu, njia ya kufika, mlango wa bei ya chini kwa mwenyeji, na kiongozi aliye tayari kuanza na mshahara wake mwenyewe.

Isaniwa alifariki mwaka 1907. Aliwahi kuiona hamamu ikifanya kazi, reli ikileta watu, na kitabu cha Soseki kikitoka mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ile miaka 100 aliyoahidi ilitimia mwaka 1994. Jioni ya leo, ifikapo saa kumi na mbili, ngoma itapigwa tena mara sita, na foleni ya waliotoka kazini itakuwa imefika mlangoni.